Shajara ya chujio la mifupa: kupunguza floraidi kwenye maji ya kisima, Ikungi

22 Juni 2024: Kipimo kilisema 2.2

Nilitaka kuanza na mifupa, ambayo nataka kuichoma iwe mkaa wa kuchujia maji, lakini inabidi nianze na kosa, maana limenipotezea mwezi mzima.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara kwenye shule moja ya sekondari wilayani Ikungi. Mwezi Mei mkuu wa shule aliniruhusu kuazima kile kipima rangi kidogo cha mkononi, nipime floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi, kwenye maji tunayokunywa mtaani. Kazi yenyewe nyepesi: mililita 10 za maji, mililita 2 za kitendanishi chekundu, subiri dakika moja, soma. Maji yakiwa na floraidi wekundu unafifia, na kifaa kinageuza ule ufifiaji kuwa namba. Kilisoma 2.2. Nikarudia, 2.2. Nikaandika kwenye daftari "imezidi kidogo", nikalala.

Namba ilikuwa inawakawaka, sikuijali. Juzi ndipo nilipofungua kijitabu chake. Mwisho wa kifaa hiki ni miligramu 2 kwa lita. Namba ikiwakawaka ujue maji yamekishinda. Ni kama kupima gunia la vitunguu kwa mizani ya kilo 5, halafu ukamwambia mnunuzi lina kilo 5.

Leo nimezimua: mililita 25 za maji ya kisima, mililita 75 za maji ya betri. Kimesoma 1.4. Zidisha kwa nne: 5.6. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5.

Neno kuhusu maji ya betri. Dukani sema wazi unataka yale ya kuongezea, yasiyo na asidi, usije ukarudi na tindikali. Na kabla hujazimulia kitu, yapime yenyewe. Chupa yangu ya kwanza ilisoma 0.6; nadhani kuna mtu aliijazia bombani. Ya pili ilisoma sifuri.

Kwa wasioujua mji wetu: uko kando ya barabara ya Manyoni kwenda Singida, majabali kila upande. Tuna visima viwili. Kifupi kina maji ya chumvi, sabuni inakatika vipande bila kutoa povu, watu wanakitumia kwa mifugo na matofali. Kirefu, cha pampu ya jua, kina maji laini na matamu, ndiyo tunayokunywa, na ndiyo yenye floraidi. Hilo si bahati mbaya. Floraidi inayeyuka kutoka kwenye haya haya majabali. Penye kalsiamu nyingi, kalsiamu huishika ikatuama. Penye kalsiamu kidogo inabaki ndani ya maji. Na ukosefu huo huo wa kalsiamu ndio unaofanya sabuni itoe povu. Maji tuliyoyasifia ndiyo yanayotutia madoa.

Madoa ni ya meno. Binti yangu wa kwanza ana miaka 13 na akicheka anaziba mdomo. Aliwahi kuambiwa darasani kwamba hapigi mswaki. Anapiga, asubuhi na jioni. Jino la mtoto huharibika likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi, mpaka kwenye miaka minane hivi; likishatoka na doa la kahawia, mswaki hauliondoi. Mdogo wake ana miaka minne. Huyo ndiye ninayemkimbilia.

Mzee mmoja kaniambia maji haya yalipimwa zamani yakapita. Huenda hakudanganya. Mwaka 1974 kiwango cha muda cha Tanzania kilikuwa miligramu 8, baadaye kikashushwa hadi 4, na 1.5 kimeingia kwenye kiwango cha mwaka 2018. Yalipita kwa rula ya siku zile.

30 Juni 2024: Shabu, na furaha ya robo saa

Kuchemsha hakusaidii. Floraidi haitoki na mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki, kwa hiyo unaiongeza makali. Nimelazimika kulirudia hili kwa watu wanne wiki hii.

Nilianza na shabu, ile ya kutulizia maji machafu, na chokaa, njia iliyopewa jina la mji wa Nalgonda kule India. Unatia chokaa kidogo na shabu ya kutosha kwenye ndoo, unakoroga kwa kasi, kisha taratibu, unaacha mashapo yatuame, unachota ya juu. Nikapima: 0.7! Nikaita watu waje kuona. Nikaacha kichupa mezani, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi nikasoma tena kwa kujionyesha tu. 1.9. Baada ya dakika chache, namba ikaanza kuwakawaka.

Shabu ina alumini, na alumini iliyobaki kwenye maji huishika floraidi ili kitendanishi kisiione. Ukiacha, inaachia polepole. Kijitabu kinasema hivyo hivyo: ukishuku alumini, soma baada ya dakika moja, soma tena baada ya dakika 15, na namba ikipanda usiiamini ile ya kwanza. Nilizimua, nikasubiri robo saa: 3.2.

Pengine ningeongeza shabu ningefika. Lakini nyumba gani itapima shabu kwa gramu kila asubuhi, na kumwaga tope lile wapi? Nimeacha. Gharama: shilingi 6,500 na heshima yangu kidogo.

13 Julai 2024: Moto wa kwanza, mifupa mieupe

Mkaa wa mifupa si ubunifu wangu. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kule Arusha kimeufanyia kazi miaka mingi. Mfupa una madini ya kalsiamu na fosfati ambayo huipokea floraidi na kuishika, jambo ambalo meno na mifupa yetu hufanya pia, na ndilo tatizo lenyewe. Tunataka mfupa wa ng'ombe ushike kabla ya mfupa wa mtoto.

Mifupa niliipata kwa wingi kwa sababu Idi ya kuchinja ilikuwa katikati ya Juni. Iliyobaki nilinunua machinjioni, shilingi 300 kwa kilo. Inachemshwa kuondoa mafuta, inaanikwa mpaka ikauke. Ianike juu ya paa. Niliianika uani, na mbwa wa mtaa mzima wakahamia kwangu.

Nilipanga kilo 12 kwenye pipa la wazi lenye matundu chini, kuni katikati, nikawasha. Ilitoka mieupe kama chaki, mizuri kuitazama, inavunjika kwa vidole. Nikasaga, nikatia gramu 10 kwenye lita moja ya maji ya kisima, nikatikisa, nikaiacha mpaka asubuhi.

Kutoka 5.6 hadi 4.8. Basi.

Weupe ni dalili ya kuungua kupita kiasi: hewa nyingi, joto kubwa, na vile vitundu vidogo ndani ya mfupa vinafungana. Kinachobaki ni kama jiwe.

20 Julai 2024: Moto wa pili, mchuzi

Nikakimbilia upande wa pili. Niliifukia mifupa kwa udongo kama wachoma mkaa wanavyofanya, nikaacha moto uende chini kwa chini usiku kucha. Ilitoka myeusi, ina mafuta, inanuka. Nikaiosha mara sita. Maji yaliyopita juu yake yalitoka ya manjano, na harufu ya supu iliyolala. Hata kupima sikuweza, maana manjano yanavuruga usomaji wa rangi.

Mke wangu alinusa kikombe, akanirudishia. "Baba, haya si maji. Huu ni mchuzi."

3 Agosti 2024: Debe, msumari na betri ya redio

Huu moto wa tatu ndio wa kuiga, kwa hiyo nauandika kirefu.

Tatizo la mara mbili zilizopita lilikuwa joto na hewa. Mifupa inataka joto la kama nyuzi 450 hadi 550, kwa saa kadhaa, bila hewa. Kipimajoto cha kufika huko sina. Nikakumbuka kwamba zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 na alumini kwenye 660. Kopo la betri kubwa ya redio ni zinki. Alumini ni kipande cha sufuria iliyotoboka. Nikaviweka vyote viwili kwenye kikopo cha nyanya chenye mfuniko, peke yake, nikakichomeka katikati ya mifupa. Baada ya moto, zinki ikiwa imeyeyuka na alumini iko kama ilivyokuwa, nimo ndani. Zote zikiwa nzima, joto lilikuwa dogo. Zote zikiwa zimeyeyuka, nimechoma chaki tena. Mifupa iliyogusa kikopo naitupa, sitaki mambo ya betri kwenye maji ya kunywa.

Hewa niliizuia hivi. Madebe mawili ya bati ya lita 20, kila moja kilo 9 za mifupa iliyovunjwa vipande vya urefu wa kidole. Mfuniko unafungwa kwa waya, kingo zinazibwa kwa udongo wa mfinyanzi, katikati ya mfuniko tundu moja la msumari wa inchi tatu. Usisahau tundu, debe lililozibwa kabisa ni bomu. Madebe yanaingia ndani ya pipa la lita 200, kuni zinazunguka pande zote.

Baada ya dakika arobaini hivi moshi mzito unaanza kutoka tunduni, kisha unashika moto wenyewe. Ulimi wa moto unasimama pale juu ya debe kama wa koroboi, na unawaka kwa hewa inayotoka kwenye mifupa. Huo ndio saa yako. Ukiwa unawaka, mafuta na nyama bado vinatoka. Ulipozimika, baada ya saa mbili na nusu, niliendelea na kuni kwa saa moja zaidi, nikaacha vipoe mpaka kesho yake. Usifungue debe likiwa la moto. Hewa ikiingia, mkaa unaungua mbele ya macho yako.

Zinki: tone la kung'aa chini ya kikopo. Alumini: nzima, kingo kali. Mifupa: kijivu cheusi, rangi ya manyoya ya kanga, haina harufu, ukigonga inalia kama kigae.

Kutwanga ni kinu na mchi. Punje zinazofaa ni kati ya chembe ya sukari na punje ya ulezi. Kubwa zaidi zirudi kinuni. Unga unaopita kwenye chekeche la unga weka kando, utaziba chujio. Nikaosha mara tisa mpaka maji yakatoka meupe.

Gramu 10 kwenye lita moja, usiku mmoja: kutoka 5.6 hadi 0.9. Nilisubiri dakika 15 nikasoma tena, kwa kuwa sasa siamini mtu. 0.9.

Kilo 18 za mifupa zilinipa kilo 10 na nusu za mkaa, na baada ya kuchekecha na kuosha zikabaki 6 na nusu.

10 Agosti 2024: "Kuna kitimoto humo?"

Habari ilienea kabla sijaeneza. Swali la kwanza kwenye mkutano wa mtaa halikuwa la meno. Bwana mmoja alisimama nyuma: "Mwalimu, kuna kitimoto humo?" Watu wakacheka, ila walitaka jibu. (Mimi si mwalimu, lakini ukifanya kazi shuleni wewe ni mwalimu.)

Nilikosea hapo. Nilianza kueleza kwamba kwenye joto lile hakuna nyama wala mafuta yanayobaki, ni madini matupu. Nilipokuwa naeleza nikaona nyuso zinafunga. Aliyeuliza alitaka kujua mifupa inatoka wapi, basi, na sikuwa nimetunza kumbukumbu yoyote. Ile ya mwanzo niliokota okota.

Tumekubaliana hivi: mifupa ni ya ng'ombe tu, kutoka machinjio anapochinja mchinjaji anayejulikana, na shekhe wa mtaa anaweza kuja kuiona wakati wowote kabla haijaingia motoni. Mkaa wote wa zamani nimeuzika. Kilo sita za kazi nzuri zimeenda, lakini nisingeweza kumwapia mtu kwamba namjua kila ng'ombe wa humo. Ukiiga kazi hii, anzia hapa. Moto ni wa baadaye.

Jambo dogo: kijana wa mkokoteni amekataa kubeba magunia ya mifupa baada ya magharibi. Simlaumu. Kwetu huku mtu anayekusanya mifupa usiku atakuwa na maelezo mengi ya kutoa.

24 Agosti 2024: Chujio la kwanza limesimama

Hili ni fupi. Bomba la plastiki la inchi nne, urefu wa mita moja, vifuniko viwili, gundi, kitambaa safi na kokoto zilizooshwa chini na juu. Ndani mkaa mpya kilo 5 na nusu. Ndoo ya maji ghafi juu, ndoo ya kupokea chini, koki. Maji ya kwanza yalisoma 0.4.

Hesabu: nilichukulia gramu moja ya mkaa inashika miligramu 2 za floraidi. Gramu 5,500 zitashika miligramu 11,000. Kila lita inaacha kama miligramu 5. Hiyo ni lita 2,200, yaani ndoo 110 za lita 20. Ndoo moja kwa siku kwa kunywa na kupikia tu, zaidi ya miezi mitatu. Nilijisikia mhandisi.

25 Septemba 2024: Ndoo ya 31

Imevuka 1.5. Ndoo ya 31, si ya 110.

Nimekesha na hili. Mkaa haukuwa mbaya, maji yalikuwa yanakimbia. Nilipima: lita moja kwa dakika. Bomba lote linabeba kama lita 8, kwa hiyo maji yalikuwa yanakaa na mkaa dakika chache tu yakaondoka. Tena, yakishuka kutoka juu, yanajichimbia mfereji pembeni mwa bomba na kuuacha mkaa mwingine mkavu. Nilipolikata bomba, upande mmoja mkaa ulikuwa mkavu kabisa katikati. Mwezi mzima nusu ya mifupa ilikuwa imekaa bure.

Marekebisho mawili. La kwanza, maji yaingie chini na kutokea juu, ili bomba liwe limejaa muda wote. La pili, yapunguzwe mwendo. Koki za dukani hazitulii kwenye mtiririko mdogo, kesho unakuta zimejifunga au zimefunguka. Dawa nimeipata famasi: mpira wa dripu, mpya, shilingi 1,500. Kile kigurudumu cha kubana kinakaa pale ulipokiacha. Nimeweka mililita 80 kwa dakika, ndoo moja inapita kwa saa nne na dakika kumi. Unaweka saa mbili usiku, unaamka kuna maji.

5 Oktoba 2024: Majirani watano

Chujio jipya limeanza tarehe 28 Septemba, linasoma 0.3. Majirani watano wamejenga ya kwao, mkaa natoa mimi kwa gharama ya kuchomea. Kila mmoja nimempa karatasi yenye tarehe ya kubadilisha: siku 90. Nimepunguza kutoka 110 kwa tahadhari.

Nimewaambia pia waweke kidonge cha klorini kwenye ndoo ya kupokelea. Mkaa wa mifupa hauui vijidudu. Ukikaa na maji siku nyingi wanaweza hata kuzaliana humo. Kwa anayepima: chukua sampuli kabla ya kidonge. Klorini inafifisha rangi yenyewe na kipimo kinadhani ni floraidi. Nilipata 1.8 nyumba moja, nikataka kuvunja chujio zima, kumbe kidonge kilikuwa kimetoka kuingia.

16 Novemba 2024: Bomba jeupe, maji meupe, hamna kitu

Leo nimepita kwa jirani anayeuza chai na chapati stendi. Amelitunza chujio kuliko sisi wote: kaliosha kwa nje, kalifunikia kitambaa cha maua, hakuna mtoto anayeruhusiwa kuligusa. Karatasi ya siku 90 imebandikwa ukutani, na siku zilizopita zimekatwa kwa kalamu, 42.

Nilipima kwa mazoea. Ikawakawaka. Nikazimua: 5.2.

Chai ya stendi inakula ndoo tatu kwa siku. Ndoo 126 zimepita kwenye bomba lile. Kwa wiki kadhaa alikuwa anakesha na mpira wa dripu, anawanywesha wajukuu wake maji yale yale ya kisima, ila sasa kwa imani. Aliniuliza, "Sasa mwanangu, mimi ningejuaje?" Sikuwa na jibu. Maji yanaingia meupe, yanatoka meupe. Hayabadiliki ladha, hayabadiliki harufu. Chujio la mchanga likichoka linaziba, unajua. Hili likichoka linakupa maji kama kawaida.

Kutoa tarehe lilikuwa kosa langu. Mkaa unachoshwa na ndoo. Hauna habari na kalenda.

21 Desemba 2024: Maharage, visoda

Chujio langu limevuka 1.5 kwenye ndoo ya 84. Kwa hiyo nimeweka mpaka kwenye 70, bila kubishana. Kinachobaki ni namna ya kuhesabu ndoo 70 kwenye nyumba yenye watu wengi bila daftari. Daftari tulijaribu: kalamu ilipotea siku ya tatu.

Jaribio la kwanza lilikuwa chupa ya maharage. Kila ndoo, dondosha harage moja. Chupa ikifika mstari mwekundu njoo kwangu. Nyumba mbili zilienda vizuri. Ya tatu, shangazi alikuja kutoka Itigi, akaona maharage kwenye chupa, akayapika.

Jaribio la pili, visoda. Visoda haviliwi. Ila wiki ya pili watoto walikuwa wanachezea drafti, na chupa ilikuwa na visoda vitatu.

18 Januari 2025: Mvua na uvundo

Mvua zimekaa sawa, kila mwenye bati anakinga. Maji ya mvua hayana floraidi ya kuhesabu, na nawahimiza watu wayanywe hayo kwanza. Hata maji ya betri nimeacha kununua. Nazimulia kwa maji ya mvua yaliyokingwa katikati ya mvua, bati likishaoshwa.

Nilichosahau ni kwamba machujio yote sita yalibaki yamejaa maji, yamesimama, wiki kadhaa. La kwangu nilipolifungua wiki hii lilitoa uvundo wa mtaro. Mkaa wenyewe, ule niliobadilisha baada ya ndoo ya 84, ulikuwa haujachoka. Nilijaribu kuuosha na kuuanika juani siku tatu: harufu ilitoka, kipimo kilirudi 0.4. Kwa msimu ujao: mvua zikishika, fungua bomba, mwaga, anika mkaa, hifadhi kwenye gunia. Na usiusahau umefika ndoo ya ngapi.

8 Machi 2025: Waya, na magadi

Fundi wa kuchomelea aliyetukatia pipa ndiye aliyetatua hesabu, tena huku anakula. Visoda 70 vimetobolewa katikati, vimetungwa kwenye waya mgumu, waya umekazwa ukutani juu ya chujio kwa misumari miwili. Kila ukijaza ndoo, sogeza kisoda kimoja kutoka kushoto kwenda kulia. Vikiisha kushoto, mkaa umekwisha. Watoto hawawezi kuving'oa, shangazi hawezi kuvipika, na asiyejua kusoma anaona kwa mbali vimebaki vingapi. Waya mmoja ni shilingi 1,000 na maumivu ya vidole.

Halafu magadi. Nyumba moja chujio ni zima, kisoda cha 22, maji yanasoma 0.3. Mama wa nyumba ananiangalia napima, huku anapika mlenda, anachukua bonge la magadi la ukubwa wa gololi anatupia chunguni. Niliomba kipande. Niliyeyusha gramu 10 kwenye lita ya maji ya mvua, nikazimua mara kumi, na bado namba ikawakawaka. Namba siandiki, maana chumvi za magadi nazo zinaweza kuvuruga kitendanishi. Lakini magadi mengine yana floraidi nyingi, na mlenda huo anakula mtoto wake wa miaka mitano, yule yule tunayemchujia maji.

Mlenda bila magadi haulainiki vilevile, hilo nalijua, nimekulia nao. Sikumwambia aache. Nilimwambia atie nusu kwa chungu cha watoto. Akasema, "Nusu tutajaribu." Nimeandika kama alivyosema.

12 Aprili 2025: Gharama, na hali ya pipa

Ujenzi wa chujio moja: bomba 9,000, vifuniko viwili 8,000, ndoo mbili 14,000, gundi na viungio 6,000, koki ya chini 5,000, mpira wa dripu 1,500, waya wa visoda 1,000. Jumla 44,500. Pipa la kuchomea nililinunua 55,000, linatumika na wote.

Mkaa wa kujaza mara moja: mifupa kilo 18 ni 5,400, kuni 4,000, kutwanga 5,000. Jumla 14,400, gawanya kwa ndoo 70: kama shilingi 206 kwa ndoo, juu ya bei ya maji yenyewe. Mwenye chai anasema kwa kunywa inalipika, kwa chai ya biashara hapana, kwa hiyo sasa chai ya stendi anapikia ya mvua mpaka tanki liishe. Baada ya hapo hatujui.

Kitendanishi ndicho ghali kuliko vyote, na kinaisha. Nimebakiza vipimo kumi na tisa. Maji yote niliyopimia yako kwenye dumu lenye alama, kwa sababu kitendanishi changu kina arseniki ndani na hakimwagwi uani. Yatarudi na ya shule. Mkaa uliochoka uko kwenye magunia manne chini ya banda. Najua unaweza kuoshwa kwa magadi ya kutengenezea sabuni, yale makali yanayounguza, ukatumika tena, lakini sitaki dawa ile kwenye nyumba zenye watoto.

Jana asubuhi, kabla ya saa moja, mwenye chai alibisha hodi. Alikuwa ameung'oa waya wote ukutani na misumari yake, ameushika mkononi, visoda vyote 70 upande mmoja. Nilimwambia haikuwa lazima aje nao. Akasema alitaka nihesabu mwenyewe.

Sina mkaa wa kumpa. Pipa limetoboka chini, upande wa upepo, na fundi anasema bati limeliwa, halishiki weldingi. Kuna pipa lingine kata ya Puma, 60,000, naenda Jumanne.